Nambari za vifaa vyako vya mtandao: namna ya kuzisoma, kuziandika na kuzilinda

Ukienda kununua umeme wa Tukuza, muuzaji hakuulizi jina la mtaa wala rangi ya nyumba. Anakuuliza nambari ya mita. Ukimpa, unapata tokeni ya tarakimu 20, na tokeni hiyo inaingia kwenye mita yako tu. Mita ya jirani itaikataa, hata kama zote mbili zilitoka kiwandani siku moja. Kazi ya nambari ya utambulisho ndiyo hiyo: kukitenga kifaa kimoja na wenzake wote waliofanana nacho.

Siku hizi nyumba ya kawaida Unguja au Pemba imejaa vifaa vya namna hiyo. Kuna simu, ruta, televisheni inayoingia intaneti, king'amuzi, kamera ya mlangoni na kifaa cha GPS kwenye vespa au boti. Nyumba za wageni za Paje na Nungwi zimeanza na vitasa vinavyofunguliwa kwa simu. Kila kimoja kina nambari zake, na mara nyingi si moja. Kamera ndogo ya Wi-Fi peke yake inaweza kuwa na nne. Wengi wetu tunaanza kuzitafuta siku ya shida: kamera imekufa, duka linataka nambari ili libadilishe, boksi limeshatupwa jaani na stika imefutika. Kazi hii inafanywa kabla, kifaa kikiwa kipya, na haihitaji ufundi. Inahitaji daftari, kalamu na simu ya kupigia picha.

Hatua ya 1: Piga picha stika kabla fundi hajapanda ngazi

Kamera ikishafungwa chini ya paa, stika yake inatazama ukuta. Televisheni ikishaning'inizwa, stika iko nyuma. Ruta inawekwa juu ya kabati na stika iko chini ya tumbo lake. Kwa hivyo picha ipigwe kifaa kikiwa bado mezani. Pwani kuna sababu nyingine: hewa ya chumvi na unyevu wa masika hula karatasi na wino, na stika ya kamera inayokaa nje Jambiani inaweza kufifia hadi isisomeke wakati kamera yenyewe bado inafanya kazi.

Piga picha mbili, moja ya stika ya kifaa na moja ya stika ya boksi. Kisha zilinganishe palepale dukani, iwe Darajani au Chake. Nambari ya S/N, yaani ile ya kiwandani, kwenye boksi ikiwa si ile iliyo kwenye kifaa, basi kifaa hicho hakikutoka kwenye boksi hilo. Huenda kilirudishwa na mtu, huenda ni cha maonesho. Mrudishie muuzaji akupe kingine kabla hujatoka mlangoni, maana ukija siku ya pili na maneno hayo huna ushahidi.

Hatua ya 2: Jua nambari ipi ni ipi

Kwenye stika utaona vifupisho vingi. Kosa la kwanza la watu ni kuandika ile ya "Model" wakadhani wamemaliza. Hiyo ni aina ya kifaa, na maelfu ya vifaa vinaitumia kwa pamoja. Inakusaidia kununua chaja inayofaa, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba kamera hii ni yako.

S/N ni nambari ya kiwandani, na kila kiwanda kina mtindo wake wa kuiandika. Hii ndiyo inayoulizwa kwenye dhamana na ndiyo utakayoiandikisha polisi ukiibiwa televisheni. Ukiwa na nafasi ya kuandika nambari moja tu, andika hiyo.

MAC ni nambari ya sehemu ya kifaa inayozungumza na mtandao. Ina herufi na tarakimu 12, na huandikwa kwa jozi, mfano 00:00:5E:00:53:8B. Ndani yake mna tarakimu 0 mpaka 9 na herufi A mpaka F tu. Ukiona kitu kama O, basi ni sifuri. Ukiona kitu kama I, ni moja. Panapochanganya kweli ni B na 8, na D na 0, hasa kwenye maandishi madogo ya stika za bei rahisi. Ndiyo maana nasisitiza picha, kwani picha unaweza kuikuza.

Sita za mwanzo katika hizo 12 zinamtaja mtengenezaji. Taasisi ya wahandisi ya IEEE ya Marekani ndiyo inayogawa mafungu hayo, na fungu moja la kawaida linampa kiwanda anwani zaidi ya milioni 16 za kutumia. Orodha ya mafungu iko wazi kwenye intaneti. Faida yake unaiona ukifungua ukurasa wa ruta yako na kukuta kifaa usichokijua kimeungana. Chukua zile sita za mwanzo, zitafute, utapata jina la kampuni. Ila usishtuke jina likiwa geni. Taa na soketi nyingi za Wi-Fi zitakutolea jina la Espressif, kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu za ndani, wakati boksi limeandikwa jina jingine kabisa. Kabla hujamtuhumu mtoto wa jirani kwamba kaiba nenosiri, zima taa yako uone kama kifaa hicho kinatoweka kwenye orodha.

Jambo jingine kuhusu MAC ni kwamba haivuki ruta. Inajulikana ndani ya mtandao wa nyumba yako tu, na huduma za mbali haziioni kwa njia ya kawaida. Anayekuahidi kuitafuta televisheni iliyoibiwa popote duniani kwa kutumia MAC peke yake anakula pesa zako. Na kifaa chenye waya na Wi-Fi kina MAC mbili, moja kwa kila njia, kwa hivyo andika zote.

IMEI iko kwenye kila kifaa kinachotumia laini ya simu: simu yenyewe, ruta ya laini, kifaa cha GPS, na baadhi ya kamera za shambani. Ni tarakimu 15. Kwenye simu bonyeza *#06# itokee. Simu ya laini mbili itakupa IMEI mbili. Nane za mwanzo zinaeleza aina ya kifaa, sita zinazofuata ni za kifaa chenyewe, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Hiyo ya mwisho unaweza kuipiga hesabu kwa mkono, na ni vizuri kuijua kwa anayenunua simu mkononi mwa mtu.

Chukua IMEI ya mfano 490154203237518. Iache 8 ya mwisho. Katika zile 14 zilizobaki, kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili kila ya pili: 9, 1, 4, 0, 2, 7, 1. Unapata 18, 2, 8, 0, 4, 14, 2. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe zenyewe, yaani 18 inakuwa 9 na 14 inakuwa 5. Sasa jumlisha hizo pamoja na zile ambazo hukuzigusa. Jumla ni 52. Ili kufika 60, kumi kamili inayofuata, inahitajika 8. Ndiyo ile ya mwisho, basi nambari imekaa sawa. Ikikataa, ama umeandika vibaya au kuna mtu kaichezea. Ikikubali, bado hujathibitisha kwamba simu si ya wizi, maana hesabu inakagua maandishi, haikagui mwenyewe.

Watanzania wengi waliijua IMEI mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia mwezi Juni. Watu waliambiwa wabonyeze *#06# kisha watume nambari kwenda 15090 wajue simu yao ni halisi au siyo. Mitandao inaweza kufanya hivyo kwa sababu kifaa chenye laini kinaitaja IMEI yake kinapoungana na mnara. Kubadilisha IMEI ya simu ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010, kwa hivyo fundi anayejitolea "kuiosha" simu anakuingiza kwenye kosa pamoja naye.

ICCID ni ile nambari ndefu iliyochapwa kwenye laini yenyewe. Ya Tanzania inaanza na 89255: 89 ni ya mawasiliano, 255 ni ya nchi. Hii ni ya kadi, haihusiani na kifaa. Ukihamisha laini kutoka ruta moja kwenda nyingine, ICCID inahama nayo na IMEI inabaki. Tofauti hii inawasumbua sana wenye vifaa vya GPS, nami nitairudia chini.

IP, yaani anwani ambazo ruta inavigawia vifaa vya nyumbani, zile za 192.168 na kuendelea, usiziandike kama utambulisho. Ruta nyingi sana Zanzibar hii zinaitwa 192.168.1.1 kwa wakati mmoja, na televisheni yenye 192.168.1.5 leo inaweza kuwa na nyingine kesho umeme ukirudi. IP ni kama nambari ya chumba cha nyumba ya wageni, na MAC ni pasipoti ya mgeni: chumba kinabadilisha watu.

Hatua ya 3: Tambua MAC ambazo si za kudumu

Hii inawahusu zaidi wenye nyumba za wageni, mikahawa na wazazi. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu haziipi Wi-Fi MAC ya kiwandani. Zinatunga nyingine, na kila mtandao unapewa yake. Zimefanya hivyo kumlinda mwenye simu, asifuatwe kila anapopita penye Wi-Fi, na mimi naona ni jambo jema.

Matokeo yake lakini yanachanganya. Nyumba ya wageni yenye mtandao wa chini na mtandao wa juu, kila mmoja na jina lake, itaihesabu simu ya mgeni kama vifaa viwili. Na mzazi aliyeifungia simu ya mwanawe kwenye ruta kwa kutumia MAC ya kiwandani atashangaa kuona mtoto yumo mtandaoni usiku ule ule.

Namna ya kuitambua: tazama alama ya pili ya MAC. Ikiwa ni 2, 6, A au E, imetungwa na simu. Kwa simu za nyumbani mwako unazotaka zitambulike daima, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu hiyo, ingia kwenye maelezo ya mtandao wa nyumbani, tafuta sehemu ya faragha, uchague MAC ya kifaa. Fanya hivyo kwa mtandao wa nyumbani tu. Mingine iache ilivyo. Kwa wageni, usiwabane kwa MAC kabisa. Wape nenosiri la siku zao za kukaa, likaisha wanapoondoka.

Hatua ya 4: Hakikisha kifaa kimesajiliwa kwa jina lako

Haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Kamera na vitasa vya kisasa vinafanya kazi kupitia akaunti. Siku ya kwanza, programu ya simu inaskani msimbo wa QR wa kifaa, na tangu hapo nambari ya kifaa inafungwa kwenye akaunti hiyo katika kompyuta za kampuni. Mwenye akaunti ndiye mwenye kifaa, hata kama risiti iko kwako.

Desturi yetu ni kumwachia fundi kila kitu. Anakuja, anafunga, anaskani kwa simu yake, anaona picha, kisha anakupa ruhusa ya kutazama kama mgeni. Wewe unaona picha kwenye simu yako na unaridhika. Miezi ikipita fundi kahamia Dar, kabadilisha simu, au mmekosana, unagundua kwamba huwezi kubadilisha nenosiri la kamera inayotazama mlango wa chumba chako. Na yeye bado anaona. Sisemi mafundi wana nia mbaya; wengi wanafanya hivyo kwa haraka ya kazi. Lakini nyumba ya Kiswahili ina watu wake wa ndani, ina ua ambako wanawake wanakaa bila ya buibui, na haifai macho ya mtu wa nje yabaki humo kwa sababu ya haraka.

Basi fanya hivi. Fungua barua pepe yako mwenyewe kabla fundi hajafika. Sakinisha programu kwenye simu yako. Fundi akifika kwenye kuskani, mwambie kwa heshima, "Fundi, hiyo nitaskani mimi, wewe nielekeze." Baada ya kamera kuwaka, ingia kwenye sehemu ya watu walioshirikishwa na uhakikishe hakuna jina jingine. Akitaka kujaribu kwa simu yake, mpe ruhusa ya mgeni kisha uiondoe akimaliza. Na kwa kamera ambazo zimeshafungwa, muulize leo. Akaunti ikiwa ni yake, mwombe akifute kifaa kwenye akaunti yake nawe ukiskani upya.

Hatua ya 5: Andika kwenye daftari

Daftari la kawaida la skuli linatosha. Kila kifaa kipate mstari wenye mahali kilipo, aina, S/N, MAC au IMEI, barua pepe iliyotumika kukisajili, duka na tarehe ya kununua. Mstari unaweza kusoma hivi: "Kamera ya lango la mbele, aina fulani, S/N hii, MAC hii, imesajiliwa kwa barua pepe ya Baba, imenunuliwa Darajani, risiti imo kwenye bahasha." Usiandike nenosiri humo.

Kifaa cha GPS kinataka mistari miwili. Kompyuta inayopokea taarifa za vespa au boti yako inakijua kifaa kwa IMEI, lakini ukitaka kukitumia ujumbe wa maneno unautuma kwenye nambari ya laini iliyomo ndani. Kwa hivyo andika IMEI, nambari ya simu ya laini, ICCID, na jina la mtu ambaye laini imesajiliwa kwa alama zake za vidole. Laini ikifungwa kwa kukaa bila salio, kifaa kinanyamaza ingawa ni kizima, na mtu pekee anayeweza kwenda kuirudisha ni yule aliyeisajili. Boti iko baharini wakati huo.

Kisha vipe vifaa majina yanayoeleweka ndani ya ruta: kamera ya lango, TV ya ukumbini, simu ya Mama. Siku utakapoona kisicho na jina utakijua mara moja.

Hatua ya 6: Ficha zinazofaa kufichwa

Nambari hizi hazilingani kwa siri. S/N na MAC ukizionesha kwa fundi au duka hakuna neno. Zile za kuingilia ndizo za kufichwa: msimbo wa QR wa kamera, nambari inayoitwa UID, ambayo programu ya simu huitumia kuifikia kamera kupitia intaneti, nambari ya uthibitisho iliyo chini yake, na ile ya tarakimu 11 inayokuja na taa na vitasa vya Matter, mfumo wa pamoja wa kuunganisha vifaa vya nyumbani vya kampuni mbalimbali. Hizo ni funguo.

Mwaka 2019 mtafiti wa usalama Paul Marrapese alieleza kwamba kamera na vifaa vingine zaidi ya milioni 2 vilivyotumia iLnkP2P, mfumo wa kuunganisha simu na kamera kupitia intaneti, vilikuwa na UID zinazoweza kukisiwa. Mtu alikuwa anazihesabu tu, anapata kamera za watu asiowajua, na zile zilizoachwa na nenosiri la kiwandani zilikuwa wazi kwake. Kwa hiyo nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, hata kama kamera ni ya kuangalia mbuzi tu.

Na picha za mitandaoni: anayeuza simu hupiga boksi upande wenye IMEI ili aonekane mkweli. Wapo wanaoziokota IMEI halisi kutoka kwenye picha hizo na kuzipachika kwenye simu nyingine. Ziba kwa kidole unapopiga. Mnunuzi atazikagua mkononi.

Hatua ya 7: Unaponunua au kuuza kilichotumika

Kubonyeza kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani hakutoshi. Kunafuta kilichomo ndani ya kifaa, lakini kule kwenye kompyuta za kampuni nambari bado imefungwa kwa mwenye zamani. Mnunuzi akifika kwake Wete akaskani, anaambiwa kifaa kina mwenyewe, na muuzaji hapokei simu. Unapouza, futa kifaa kwenye akaunti yako kwanza, halafu ndiyo ubonyeze kitufe. Unaponunua, kiskani palepale mbele ya muuzaji, kiingie kwenye akaunti yako, ndipo utoe pesa. Kwa simu, linganisha IMEI ya *#06# na iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye risiti. Zote tatu ziwe moja.

Hatua ya 8: Kikiibiwa au kikifa

Kikiibiwa chenye laini, wapigie kwanza mtandao wako wafunge laini, kisha nenda kituo cha polisi na IMEI, risiti na picha, uchukue RB. Kwa kisicho na laini, peleka S/N. Usikifute kwenye akaunti yako kwa hasira, kwa sababu maadamu kimefungwa kwako, aliyekichukua atapata tabu kukitumia au kukiuza, na kikiwashwa mahali penye intaneti huenda akaunti yako ikakuonesha.

Kikifa ndani ya dhamana, peleka risiti na S/N. Duka likikupa kingine, usitoke bila ya kupiga picha stika ya hicho kipya, kwa sababu S/N ni nyingine, MAC ni nyingine, na risiti ya zamani haitaji hata moja kati ya hizo. Mwombe muuzaji aandike S/N mpya nyuma ya risiti na apige muhuri. Ukifika nyumbani, piga mstari ile ya zamani kwenye daftari, andika mpya chini yake, na kiondoe cha zamani kwenye programu na kwenye ruta.